Tunda na Maziwa: Historia ya Sahani ya Sikukuu Chidya

Sahani ya matunda yaliyokatwa vipande na kuchanganywa na jibini bichi si kitu kigeni tena katika karamu za miji yetu. Hoteli za Unguja na za Dar es Salaam huiandalia wageni wao, na baadhi ya nyumba zenye jokofu zimeiga. Mlaji huichukulia kuwa ni mtindo mpya uliotoka Ulaya, kwa kuwa huko, msimu wa joto unapoingia, watu huona raha kula kitu baridi, kitamu na chenye chumvi kidogo kwa pamoja. Katika makala haya nakusudia kuonesha kwamba wazo la kukutanisha tunda na maziwa yaliyoganda lina umri mkubwa katika pwani yetu, na kwamba wazo hilo liliposafiri kuelekea bara ya kusini lilifika mahali likakwama.

Mahali nilipopachagua kulitazamia jambo hili ni Chidya, baina ya Masasi na Newala, katika nchi inayopakana na uwanda wa juu wa Wamakonde. Huko matunda ni tele, na mengine huoza chini ya miti. Lakini kwa vizazi vingi maziwa hayakuwa sehemu ya chakula cha watu wa huko, seuze jibini. Kwa hiyo anayetaka kuandaa sahani hii Chidya katika siku ya sikukuu hukuta nusu yake imejaa na nusu yake ni tupu. Historia ninayotaka kuieleza imo zaidi katika ile nusu iliyo tupu.

Tuanze pwani. Mwaka 1331 msafiri wa Tanja, Ibn Battuta, aliteremka Mogadishu akakaribishwa kwa heshima inayomstahiki mtu wa elimu. Chakula alichowekewa alikieleza kwa makini. Palikuwa na wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika sinia kubwa la mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Katika chombo kingine palikuwa na maziwa yaliyoganda, na pamoja nayo malimau ya achari, pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na embe. Wenyeji wake, anasema, walikula tonge la wali kisha wakafuatisha vitu hivyo vikali. Embe alilifananisha na tofaa lenye kokwa, akaeleza kwamba likiiva huwa tamu sana, na kabla ya kuiva huwa chachu na hutiwa achari.

Maelezo hayo yafaa yasomwe polepole. Tunda, chumvi, ukali na maziwa yaliyoganda vyote vimo katika karamu moja ya pwani ya Afrika Mashariki, karibu miaka 700 iliyopita. Kutoka hapo Ibn Battuta aliendelea hadi Mombasa, ambako aliona ndizi, malimau, na tunda aliloliita jamuni, linalofanana na zeituni kwa umbo na lenye utamu mwingi. Msomaji wa visiwani hatashindwa kulitambua zambarau. Baadaye akafika Kilwa. Tukichukua njia kutoka Kilwa au Lindi kuingia bara kwa mwendo wa siku kadhaa, twafika nchi ya Masasi. Njia hiyo ilipitwa na watu na bidhaa kwa karne nyingi. Matunda nayo yaliipita. Ng'ombe wa maziwa hawakuweza.

Kabla ya kueleza sababu, ni vyema kuyahesabu matunda yenyewe, kwani sahani ya leo haina matunda yale tu aliyoyaona Ibn Battuta. Mwembe ulitoka Bara Hindi, na pamoja nao jina. Mndimu na mchungwa ni miti ya Asia pia. Mnanasi, mpapai, mpera na mkorosho haikuwapo kabisa katika pwani hii mwaka 1331, kwa sababu asili yao ni ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Ililetwa na meli za Wareno katika karne ya 16. Nanasi ni neno la Watupi wa Brazil lililopita kinywani mwa Mreno kabla ya kutua kinywani mwetu. Pera ni jina la Kireno la tunda jingine kabisa la Ulaya. Wareno wa Bahari ya Hindi walilibandika tunda hili la Amerika, nasi tukalipokea lilivyo. Kanju, jina ambalo kamusi zetu zimelihifadhi kwa tunda la mkorosho, ni Kitupi vilevile, kwa njia ya Kireno. Hata meza inayowekewa sahani hiyo ina jina la Kireno. Lakini katika mambo ya maziwa Mreno hakutuachia neno. Samli na jibini ni maneno ya upande wa Arabuni. Hivyo sahani moja inabeba maneno ya Bara Hindi, ya Arabuni na ya misitu ya Brazil, na kila neno lilishuka bandarini kwa wakati wake.

Kwa nini, basi, maziwa yalibaki pwani na kaskazini? Jibu la kwanza ni mbung'o. Nchi ya Ruvuma na pembezoni mwake ilikuwa na vichaka vilivyojaa inzi huyo, ambaye hueneza ugonjwa wa nagana unaoua ng'ombe. Uhusiano wa mbung'o na vijidudu vya ugonjwa huo ulithibitishwa na daktari David Bruce huko Zululand katika miaka ya 1890, lakini wenyeji na wasafiri walikuwa wakijua zamani kwamba mnyama wa kufugwa haponi katika nchi hiyo. David Livingstone aliyafanyia jambo hili majaribio ya makusudi. Mwezi Machi 1866 alitoka Unguja akashukia Mikindani, akiwa na ngamia sita, nyati wa kufugwa watatu wa Kihindi na ndama mmoja, nyumbu wawili na punda wanne. Alitaka kuona kama wanyama hao wangeweza kustahimili mahali ambapo ng'ombe wanakufa. Wakapandishwa kufuata bonde la Ruvuma, wakawa wanakufa mmoja baada ya mmoja. Livingstone aliwalaumu sana wachungaji kwa jinsi walivyowatesa na kuwapakia mizigo kupita kiasi, hata jaribio lenyewe likaharibika. Hata hivyo matokeo kwa nchi yalikuwa yaleyale: nyati wa maziwa hawakupata makazi kusini.

Jibu la pili ni maji. Uwanda wa Wamakonde huinuka taratibu kutoka pwani, ukafika zaidi ya mita 700 upande wa Newala, kisha ukaporomoka ghafla kwa genge linalotazama bonde la Ruvuma. Udongo wake ni wa mchanga. Mvua inyeshayo huzama chini kabisa na kutokea kama chemchemi miguuni mwa uwanda. Mwanaethnografia wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, alishangazwa na watu waliojenga mbali na maji kiasi kile, na wanawake waliotembea mwendo mrefu kushuka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Maji ya bomba yalianza kupandishwa uwandani katika miaka ya 1950. Ng'ombe mmoja wa maziwa hunywa maji mengi kwa siku kuliko familia nzima iliyokuwa ikitegemea mtungi wa kichwani. Hakuna mama ambaye angekubali kumbebea.

Jibu la tatu linatugusa sisi wa visiwani, na ndilo zito kuliko yote. Kwa nini watu walichagua kukaa juu, ndani ya vichaka vizito, mbali na chemchemi? Kwa sababu chemchemi na mabonde ndiyo yaliyokuwa njia. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilitoka pande za Ziwa Nyasa, ikapita katika nchi za Wayao na Wamakua, ikaelekea Kilwa Kivinje, na kutoka hapo majahazi yakavuka hadi soko la Unguja. Baadaye wakaja Wangoni, ambao wenyeji wa kusini waliwaita Magwangwara, nao walichukua watu na chakula. Kichaka cha uwandani kilikuwa ni ngome. Mwenye kukaa humo aliyakosa maji, akakosa malisho, akakosa maziwa, lakini mtoto wake alilala nyumbani. Ng'ombe analia, anaacha nyayo, tena anatamaniwa. Si mnyama wa kufugwa na mtu anayejificha. Tukumbuke hilo tunapoyasifu masinia ya pwani. Utajiri wa mashamba na majumba ya mjini Unguja ulijengwa kwa sehemu kubwa na mikono iliyotoka nchi hiyo, na umaskini wa meza ya huko una uhusiano na utajiri wa meza ya huku.

Uhusiano huo ulirudi kwa njia nyingine mwaka 1876. Miaka mitatu kabla yake, mwezi Juni 1873, Sayyid Barghash alikuwa ametia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Mkunazini likafungwa. Misheni ya Vyuo Vikuu ilikuwa imewakusanya watu waliokombolewa katika shamba la Mbweni. Askofu Edward Steere, yuleyule aliyekusanya hadithi za Kiswahili na kuandika sarufi, aliwaongoza zaidi ya 50 miongoni mwao kurudi bara, kwa kuwa wengi walikuwa watu wa nchi za kusini. Walishuka Lindi, wakaenda kwa miguu, na mwishoni mwa mwaka 1876 wakaanzisha kijiji Masasi. Nia ilikuwa wafike karibu na Nyasa. Lakini walipoiona nchi ya Masasi na majabali yake, wakaona panawatosha.

Watu hao hawakurudi kama walivyoondoka. Walikuwa na Kiswahili cha Unguja, na bila shaka walikuwa na ulimi uliozoea ladha za Unguja: tui la nazi, embe, achari, ndimu. Masasi mnazi haushamiri kama pwani, na maziwa hayakuwapo. Ladha ilibidi itafute kitu kingine cha kushika nafasi ya tui. Mwezi Septemba 1882 Magwangwara waliishambulia Masasi, wakaua na kuteka watu, na kijiji kikatawanyika. Chauncy Maples akahamishia makao ya kazi yake Newala. Mwaka 1886 Cecil Majaliwa, Myao aliyetolewa utumwani akalelewa Unguja, alipelekwa Chitangali, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuupata. Alikaa huko hadi mwaka 1897. Nchi yote hiyo iliendelea kuwa chini ya askofu wa Zanzibar mpaka ilipofanywa dayosisi ya Masasi mwaka 1926, chini ya askofu Vincent Lucas. Chidya ikapata Chuo cha Mtakatifu Yosefu, kilichowasomesha vijana wa Kimakua, Kiyao, Kimakonde na Kimwera na kufunza walimu. Leo ni shule ya sekondari ya Serikali.

Chuo kilileta kalenda, na kalenda ilileta sikukuu. Hapa pana jambo ambalo watu wa mbali hawalitambui. Sherehe kubwa za wenyeji, jando na unyago, huchezwa wakati wa kipupwe, baada ya mavuno, ghala zikiwa zimejaa na pombe ya nafaka inapikika. Lucas, hata kabla hajawa askofu, alijulikana kwa kuliingiza jando katika taratibu za Kanisa badala ya kulipiga marufuku, na jando lake lilifuata majira hayohayo. Krismasi ilikuja na majira yake. Huja mwezi Desemba, joto likiwa kali na mvua za kwanza zimeanza, mbegu zimo ardhini na ghala zimepungua. Kwa mkulima wa kusini, Desemba hadi Februari ni miezi ya kungoja. Idi nayo huzunguka na mwezi, na kuna miaka inayoangukia katika majira hayo ya uhaba.

Lakini ndiyo miezi ya embe. Na kabla ya embe kwisha, tangu Septemba au Oktoba, mabibo huwa yameshaanza kuanguka, mekundu na ya njano. Hivyo tunda la Chidya halikuwa mapambo ya karamu. Lilikuja wakati nafaka inaondoka, likawashikilia watoto mpaka mahindi mabichi yakomae. Sikukuu ya matunda katika nchi hiyo ni sikukuu na kinga ya njaa kwa pamoja. Kwa Mzungu, sahani ya matunda ya msimu wa joto ni starehe ya wakati wa wingi; kwa mtu wa Chidya, tunda lilikuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa kingi.

Sasa tufike kwenye mkorosho, maana huo ndio ulioijaza ile nusu tupu ya sahani. Wareno waliuleta Msumbiji na pwani yetu, na kwa muda mrefu ulikuwa mti wa kujiotea, wa kivuli na wa tunda. Udongo wa mchanga wa uwanda wa Wamakonde, unaomnyima mtu maji, unaufaa mkorosho kwa sababu mizizi yake hushuka chini sana kuyafuata. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati Waingereza walipokuwa wakipoteza mamilioni ya pauni katika mpango wa karanga wa Nachingwea ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951, wakulima wadogo wa Newala na Masasi walikuwa wakipanda mikorosho wenyewe, pasipo matrekta wala wataalamu. Zao likapanda hadi kufikia tani 145,000 hivi kwa nchi nzima katika msimu wa 1973/74.

Kisha likaanguka. Katika operesheni ya vijiji watu walihamishwa mbali na mikorosho yao, mashamba yakaingiwa na msitu. Bei ilikuwa ndogo. Ukaja ugonjwa wa ubwiri unga ulioyakausha maua. Msimu wa 1986/87 nchi nzima haikufikisha tani 20,000. Viwanda 12 vya kubangua korosho, vilivyojengwa kwa mikopo wakati ule wa matumaini, vingine Masasi na Newala, vikakosa malighafi, vikanyamaza. Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, walisaidia kuutafutia ubwiri unga dawa ya salfa na miche bora, na zao likafufuka, hata likavuka tani 300,000 katika msimu wa 2017/18. Hata hivyo sehemu kubwa ya korosho iliendelea kusafirishwa ikiwa na ganda lake kwenda kubanguliwa India na Vietnam.

Msomaji atauliza, tunda lake lilikwenda wapi? Bibo lililoiva huzidi uzito wa korosho yake mara tano hadi mara kumi. Kwa hesabu ya chini kabisa, msimu wa tani 300,000 za korosho ni msimu wa tani milioni moja na nusu za mabibo. Ni tunda lenye vitamini C kulizidi chungwa mara kadhaa. Ngozi yake ni nyembamba, haivumilii safari, na siku ya pili baada ya kuanguka huanza kuchacha. Watoto huyala mtini. Mengine hukaushwa juani. Mengi hukamuliwa kuwa uraka, ambao jina lake sikio la mtu wa pwani halikosi kulisikia udugu na araki; nao uraka ukikenekwa huwa nipa. Yanayobaki, na ndiyo mengi, huoza chini ya mti uliowapa watu fedha.

Na ile punje ya ndani? Wapishi wa kusini waliitumia kwa kazi ambayo wapishi wa pwani huifanyia nazi. Karanga, ufuta na korosho hutwangwa, hutiwa maji, na tui lake huungiwa mboga na maboga. Hapo ndipo naliona jibu la wale waliotoka Mbweni, na la wenyeji waliowapokea. Maziwa hayakupatikana kwa mnyama. Yakatafutwa katika mbegu.

Kwa hiyo mtu wa Chidya anaweza kuiandaa sahani ya sikukuu kwa njia mbili, nami nitazieleza zote kwa kuwa historia ya chakula isiyopikika haina faida kubwa. Kwa watu kumi, chukua maembe manne yaliyoiva bila kulegea, nanasi moja, nusu ya papai, machungwa manne, kipande cha tikiti, na mabibo sita. Mabibo ndiyo yanayotaka adabu. Yaoshe, yaondoe korosho zake, uyakate kwa urefu, uyaroweke katika maji ya chumvi kwa nusu saa, kisha uyasuuze na kuyakamua kidogo. Chumvi hupunguza ule ukakasi unaoshika koo. Matunda mengine yakate vipande vya kiasi cha ncha ya kidole gumba. Machungwa yamenye mpaka ngozi nyeupe iondoke.

Jibini la maziwa hufanywa hivi. Chemsha lita mbili za maziwa mabichi, yasiyopunguzwa mafuta, mpaka yaanze kuinuka. Epua, utie maji ya ndimu kijiko baada ya kijiko huku ukikoroga polepole. Vijiko vinne au vitano hutosha. Maziwa yatakatika: donge jeupe litajitenga na maji ya rangi ya kijani hafifu. Mimina katika kitambaa safi cha melimeli, utie chumvi, ufunge na kukitundika kwa saa mbili. Utapata jibini la kushika mkononi, la kumegeka, na halitaki dawa wala mashine.

Jibini la korosho hutaka subira zaidi. Roweka vikombe viwili vya korosho zilizokwisha kubanguliwa na kumenywa, zisizotiwa chumvi, usiku mzima. Asubuhi zitwange au uzisage kwa maji machache sana mpaka ziwe laini kama uji mzito. Tia maji ya ndimu mbili na chumvi, weka katika kitambaa kilekile, utundike mpaka kesho yake. Litakuwa laini kuliko la maziwa, na utamu wake ni wa mbali. Asije mtu akajaribu kuibangua korosho kwa meno au kwa kisu ili kuharakisha kazi: mafuta ya ganda lake huunguza ngozi, na ndiyo maana wenyeji huichoma kwanza.

Sahani huunganishwa dakika za mwisho. Matunda yachanganywe na ndimu, chumvi chembe, na tangawizi mbichi iliyokwaruzwa, ambayo wenyeji wa Ibn Battuta nao hawakuisahau. Jibini limegwe juu yake wakati wa kuandaa tu, kwani nanasi bichi huyavunja maziwa na kuyatia uchungu yakikaa pamoja kwa muda mrefu. La korosho halidhuriki hivyo upesi, na hiyo ni faida yake moja juu ya lile la ng'ombe.

Siku hizi maziwa nayo yamekaribia kusini. Tangu wafugaji walipoondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, makundi ya ng'ombe yameteremka Lindi na mikoa ya jirani. Vichaka vimepungua, na mbung'o pamoja navyo. Lakini ng'ombe wamekuja na ugomvi wa mashamba, na mkulima aliyeliwa mahindi au kuvunjiwa miche ya korosho hana hamu ya jibini. Ile nusu tupu ya sahani haikujazwa kwa furaha kama mtu angetarajia. Labda itapita miaka mingi kabla tunda la mwenyeji na maziwa ya mgeni havijakutana katika bakuli moja kwa ridhaa ya wote wawili.

Washairi wetu wameyatumia matunda kwa mafumbo tangu zamani. Embe, chungwa na komamanga yamebeba mapenzi, wivu na nasaha katika tungo nyingi, na msikilizaji wa pwani hahitaji kuelezwa. Bibo halikupata bahati hiyo. Sijui tunda jingine linalostahili fumbo kuliko hili, ambalo mbegu yake imekaa nje, kila mtu akiiona, na bado thamani yake inakwenda mbali na tunda lenyewe linabaki chini. Nchi ya Masasi na Newala ilitendewa vivyo hivyo: ilichukuliwa watu wake, kisha punje zake, na kilichobaki kikaitwa umaskini. Wakaazi wake walikifanya chakula. Anayeandaa sahani hii mwezi Desemba, iwe kwa jibini la maziwa au la korosho, asiache kutia bibo.